Kuupima Mshipa kutoka Ndani: Jinsi Stenti za Moyo Zinavyokaguliwa Baada ya Kuwekwa

Mwalimu afundishaye somo la mwanga hana haja ya vifaa vya thamani ili kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba kivuli ni shahidi asiyetosha. Aishike sarafu mbele ya taa ya chemli, na kivuli chake kitaonekana ukutani kikiwa duara kamili. Aigeuze kidogo, duara litakuwa umbo la yai. Aigeuze zaidi, nalo litakuwa mstari mwembamba. Sarafu yenyewe haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni upande unaotazamwa. Jambo hili, ambalo mtoto wa shule ya msingi hulitambua mara moja, liliwatatiza mabingwa wa maradhi ya moyo kwa miaka mingi, na wako wagonjwa waliolilipia kwa maisha yao. Katika makala haya tutaeleza jinsi tatizo hilo lilivyotokea, na jinsi sauti na mwanga vilivyotumiwa kulitatua, kwa kuingizwa ndani kabisa ya mshipa wenyewe.

Mishipa inayoulisha moyo

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku moja. Ingawa vyumba vyake hujaa damu wakati wote, msuli wa moyo hauwezi kujilisha kwa damu hiyo ipitayo tu ndani yake. Hulishwa na ateri mbili zinazochipuka kutoka katika ateri kuu mara tu inapotoka moyoni, ambazo huuzunguka moyo kama taji. Na kwa hakika jina lake, ateri za koronari, limetokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya taji. Kipenyo cha ndani cha ateri hizo katika sehemu zake kubwa ni baina ya milimita 2 na 4. Msomaji akitazama njiti ya kiberiti atapata kadiri ya jambo tunalolizungumzia: uhai wa mtu mwenye kilo 70 umetegemea njia isiyozidi sana unene wa njiti hiyo.

Kadiri umri unavyosonga, na hasa kwa wavutaji tumbaku, wenye kisukari na wenye shinikizo kubwa la damu, mafuta, chembe hai na chokaa hurundikana ndani ya ukuta wa ateri. Njia huzidi kuwa nyembamba, na mgonjwa huanza kusikia maumivu ya kifua anapopanda ngazi au kubeba mzigo. Lililo baya zaidi ni pale rundo hilo linapopasuka ghafula. Damu huganda juu ya mpasuko, ateri huziba, na msuli uliokuwa ukilishwa na tawi hilo huanza kufa. Huu ndio mshtuko wa moyo.

Kutoka mpira mwembamba hadi wavu wa chuma

Njia ya kuufikia moyo bila kupasua kifua ilifunguliwa mwaka 1929 na daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, katika hospitali ya mji wa Eberswalde. Alijipitishia mpira mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi ukafika moyoni, kisha akaenda kwa miguu yake kwenye chumba cha eksirei ili apigwe picha ya ushahidi. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili, André Cournand na Dickinson Richards. Mwaka 1958, katika mji wa Cleveland, Marekani, Mason Sones aliona kwa bahati tu kwamba dawa izuiayo eksirei inaweza kumiminwa moja kwa moja ndani ya ateri ya koronari bila kumwua mgonjwa. Tangu hapo madaktari wakaweza kuona katika filamu kivuli cha njia ya damu ya moyo wa mtu aliye hai, na mahali palipobana pakaonekana kama kiuno cha nyigu. Picha ya namna hiyo huitwa angiogramu.

Hatua iliyofuata ni ya Andreas Grüntzig. Tarehe 16 Septemba 1977, katika mji wa Zurich, Uswisi, alipitisha katheta yenye baluni ndogo nchani hadi mahali palipobana katika ateri ya mgonjwa mwenye umri wa miaka 38, akaijaza baluni ile, na njia ikapanuka. Mgonjwa alikuwa macho muda wote. Inafaa wanafunzi wajue kwamba katheta zake za majaribio Grüntzig alizitengeneza jikoni kwake, juu ya meza ya chakula, maana wapo wanaodhani kwamba sayansi kubwa huanzia katika majengo makubwa tu.

Baluni, hata hivyo, ilikuwa na kasoro zake. Ukuta wa ateri una unyumbufu, na mara nyingine hujirudia baluni inapotolewa; mara nyingine hupasuka na kipande chake kuning'inia ndani ya njia; na katika miezi michache ya mwanzo kovu huweza kukua na kuibana njia upya. Ndipo ikabuniwa stenti. Stenti ni bomba fupi la wavu wa chuma, ambalo hufikishwa mahali pabaya likiwa limekunjwa, kisha hupanuliwa na kuachwa humo daima likiushikilia ukuta kama miti ya mwambao inavyoushikilia udongo wa nyumba. Stenti za kwanza katika mioyo ya binadamu ziliwekwa mwaka 1986, na Jacques Puel katika mji wa Toulouse, Ufaransa, na Ulrich Sigwart katika mji wa Lausanne, Uswisi.

Furaha haikudumu. Chuma ni kitu kigeni kwa damu, na damu ikutanapo na kitu kigeni huganda. Mwaka 1991 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 105 wa Ulaya waliowekewa stenti za aina ile ya mwanzo: katika wagonjwa 25 stenti zilikuwa zimeziba kabisa, na nyingi katika hizo ziliziba ndani ya siku 14 za kwanza. Fikiri, msomaji, hali ya daktari aliyemweleza mgonjwa wake kwamba mshipa umefunguka salama, kisha juma lililofuata akaitwa usiku. Ili kuepuka balaa hilo wagonjwa walipewa dawa nyingi za kuzuia damu isigande: heparini, warfarini, aspirini na nyinginezo, zote kwa pamoja. Matokeo yake yakawa kuvuja damu vibaya mahali katheta ilipoingilia, na kulazwa hospitali siku nyingi. Ilionekana kana kwamba mgonjwa hana budi kuchagua baina ya kuganda na kuvuja.

Udhaifu wa kivuli

Karibu kila mtu alikilaumu chuma. Lakini palikuwa na swali jingine ambalo halikuwa limeulizwa kwa makini: je, stenti hizo zilikuwa zimepanuka sawasawa?

Angiogramu ilijibu kwamba ndiyo. Lakini tukumbuke angiogramu ni nini. Ni kivuli cha dawa iliyojaa ndani ya mshipa, kilichotupwa juu ya bapa kutoka upande mmoja. Haionyeshi ukuta wa ateri, na stenti yenyewe, kwa kuwa nyuzi zake ni nyembamba, huonekana kwa shida au haionekani kabisa. Na liko jambo la hila zaidi. Ikiwa stenti ni ndogo kuliko ateri, ikawa inaelea bila kugusa ukuta, dawa hupenya katika matundu ya wavu na kuijaza nafasi iliyo nyuma yake. Kivuli huwa kipana na laini, nacho humwambia daktari kwamba kazi ni njema, kumbe humo ndani mna wavu uliosimama katikati ya mkondo kama dema lililotegwa mtoni. Nyuma ya nyuzi zake damu huenda polepole, na damu iendayo polepole kando ya chuma huganda.

Kuligundua hilo kulihitaji chombo cha kuitazama ateri katika mkato wake wa kukingama, kama mtu anavyolitazama bua la muwa lililokatwa.

Mwangwi ndani ya ateri

Chombo cha kwanza kilitumia sauti. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani kidogo: katika miaka ya 1971 na 1972 Nicolaas Bom na wenzake wa Rotterdam, Uholanzi, walitengeneza katheta yenye vipande 32 vidogo vya kutoa na kupokea sauti vilivyopangwa kuizunguka ncha yake, kwa ajili ya kutazama vyumba vya moyo. Mpaka miaka ya mwisho ya 1980 ufundi ulikuwa umeendelea kiasi cha kupata katheta nyembamba ya kupita katika ateri za koronari zenyewe, na miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo alikuwa Paul Yock wa Marekani.

Kanuni yake ni ile ile ya mwangwi wa bonde. Kwenye ncha ya katheta, yenye unene wa milimita 1 hivi, mna kipande cha kauri ambacho kikipewa umeme hutetema, na kikitetemeshwa hutoa umeme. Hutoa mlio mfupi mno, kisha hunyamaza na kusikiliza. Kila mahali sauti inapokutana na mpaka wa vitu viwili visivyofanana, kwa mfano damu na ukuta, au ukuta na chokaa, sehemu yake hurudi. Sauti husafiri katika nyama ya mwili kwa mwendo wa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Ikiwa ukuta uko milimita 2 kutoka kwenye katheta, mwangwi utakuwa umesafiri milimita 4, na utarudi baada ya mikrosekunde 2.6. Mitambo ya kielektroniki hupima muda huo bila taabu. Katika katheta za aina moja kipande hicho huzungushwa mara 1,800 kwa dakika, na kila mzunguko huwa picha moja, yaani picha 30 kwa sekunde. Kisha katheta huvutwa nyuma polepole, aghalabu nusu milimita kwa sekunde, hata stenti nzima iwe imekatwa vipande kwa macho ya sauti.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini isitumike sauti ya kawaida? Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Tukigawanya mwendo wa mita 1,540 kwa mitetemo 20,000, tunapata wimbi lenye urefu wa milimita 77. Wimbi la namna hiyo haliwezi kupambanua kitu chochote ndani ya ateri ya milimita 3, kama vile mtu asivyoweza kuokota punje ya mchele kwa koleo la kubebea mchanga. Kwa hiyo hutumika mitetemo milioni 20 hadi milioni 60 kwa sekunde. Kwa milioni 40, urefu wa wimbi ni sehemu 38 tu za elfu za milimita, na mtambo huweza kupambanua vitu vilivyoachana kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Bei yake ni kwamba kadiri mitetemo inavyozidi, ndivyo sauti inavyofifia upesi njiani. Mtambo unaotazama mtoto tumboni hutumia mitetemo milioni chache tu kwa sababu sauti yake yapasa kwenda mbali. Ndani ya ateri milimita chache zatosha.

Somo la Milano

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Antonio Colombo na wenzake katika mji wa Milano, Italia, walianza kuipitisha katheta ya sauti ndani ya stenti ambazo angiogramu ilikwisha kuzikubali. Waliyoyaona yaliwashtua. Stenti nyingi hazikuwa zimepanuka vya kutosha. Nyingine zilikuwa na umbo la yai, nyingine hazikugusa ukuta upande mmoja. Basi wakarudisha baluni, safari hii kubwa zaidi au ngumu zaidi, wakaijaza kwa shinikizo kubwa kuliko lililozoeleka, mara nyingi atmosfia 15 hivi. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa kwa atmosfia 2 tu au zaidi kidogo. Kisha wakapima tena kwa sauti, na wale ambao stenti zao zilitimiza vipimo hawakupewa warfarini hata kidogo, ila dawa za kuzuia chembe-sahani za damu zisishikane. Taarifa yao ya mwaka 1995 ilihusu wagonjwa 359, na walioziba stenti walikuwa chini ya 2 kwa kila 100.

Hapa ningependa walimu wasimame kidogo na wanafunzi wao, maana pana funzo la njia ya sayansi lenye uzito kuliko tarakimu zenyewe. Katika Milano vitu viwili vilibadilishwa kwa wakati mmoja: upanuzi wa stenti na dawa. Je, ni kipi kilichowaokoa wagonjwa? Haiwezekani kujibu kutokana na kazi hiyo peke yake, hata kama matokeo yake ni mazuri namna gani. Mwaka 1996 madaktari wa Munich, Ujerumani, wakiongozwa na Albert Schömig, walitoa matokeo ya jaribio la kulinganisha lenye wagonjwa 517 waliogawanywa kwa kura: kundi moja lilipewa aspirini na tiklopidini, jingine dawa za mtindo wa zamani. Kundi la kwanza lilipata nafuu kubwa zaidi kwa kuziba na kwa kuvuja damu vilevile. Hivyo dawa nazo zilikuwa na sehemu yake.

Yaliyofuata ni kichekesho cha namna yake. Madaktari wengi duniani wakachukua shinikizo kubwa, wakachukua dawa mpya, wakaiacha katheta ya sauti. Walisema kwamba somo limekwisha kufundishwa, na kwamba sasa wanajua kuipanua stenti bila kuipima. Kwa maoni yangu hilo ni sawa na seremala ambaye, baada ya kuonyeshwa kwa pima-maji kwamba milango yake imepinda, anaamua kuipigilia milango yote kwa nguvu zaidi na kukitupa kipimo.

Mwanga badala ya sauti

Mwaka 1991 David Huang, James Fujimoto na wenzao wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, walitangaza njia ya kupiga picha za mkato kwa mwanga. Walichagua vitu viwili vya kuijaribia: pazia la nyuma ya jicho, ambalo hufikiwa kwa kupita katika sehemu angavu, na ateri ya koronari nje ya mwili, ambayo si angavu. Kwa maneno mengine, ateri za moyo zilikuwamo katika wazo hilo tangu siku ya kwanza.

Kanuni yaonekana kuwa ile ile ya mwangwi, lakini pana kikwazo kikubwa. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, ingawa hupunguza mwendo kidogo ndani ya nyama. Ili kupambanua vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu moja ya mia ya milimita, ingebidi kupima tofauti ya muda iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya pikosekunde, na pikosekunde moja ni sehemu ya milioni ya milioni ya sekunde. Hakuna saa ya kielektroniki iwezayo kufanya hivyo. Basi wanafizikia wakarudia hila iliyotumiwa na Albert Michelson tangu karne ya 19: kuugawa mwanga mara mbili. Nusu moja hupelekwa kwenye ateri, nusu nyingine kwenye kioo ambacho umbali wake unajulikana. Kisha nusu hizo hukutanishwa. Ikiwa zimesafiri umbali ulio sawa, mawimbi yake huingiliana na kutoa mistari ya mwanga na giza. Mwanga wa leza ya kawaida huweza kuingiliana hata kama umbali unatofautiana sana. Kwa hiyo huchaguliwa mwanga wenye mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali, ambao huingiliana tu pale umbali unapolingana kabisa. Hapo mwingiliano wenyewe huwa rula. Katika mitambo ya siku hizi kioo hakisogezwi tena; leza hubadilisha urefu wa wimbi kwa haraka mno, na kompyuta huyatafuta mahali mianzi iliporudia kwa hesabu za Fourier.

Mwanga unaotumika ni ule usioonekana, ulio chini ya mwekundu, wenye wimbi la mikromita 1.3. Hupambanua vitu vya mikromita 10 hadi 20, yaani mara kumi zaidi ya sauti, lakini haupenyi ukutani zaidi ya milimita 1 au 2. Na haupiti katika damu, kwa sababu chembe nyekundu huutawanya kama ukungu unavyoitawanya taa ya gari. Kwa hiyo damu hufukuzwa kwa muda mfupi kwa kumimina dawa ya angiogramu, na katika sekunde hizo 2 au 3 uzi wa kioo hurudishwa nyuma kwa mwendo wa milimita 20 kwa sekunde au zaidi. Stenti ya milimita 30, ambayo kwa katheta ya sauti iendayo nusu milimita kwa sekunde ingechukua dakika nzima, hukaguliwa kwa sekunde moja na nusu. Lakini mgonjwa mwenye figo dhaifu huenda asiistahimili dawa hiyo ya ziada. Kwake sauti ni salama zaidi.

Nini hutazamwa

Katika picha ya mwanga kila uzi wa stenti huonekana kama nukta yenye kung'aa, na nyuma yake mkia wa giza, maana chuma hurudisha mwanga wote. Jambo hili lina athari ambayo mpimaji asiye mwangalifu huisahau: kinachoonekana ni uso wa mbele tu wa uzi, si unene wake. Stenti zenye dawa zilizotoka mwanzo, miaka ya 2002 na 2003, zilikuwa na nyuzi za mikromita 140 hivi. Nyingi za sasa ni za mikromita 60 hadi 80. Kwa hiyo nukta ikionekana mikromita 80 mbele ya ukuta, huenda uzi umeugusa ukuta barabara. Unene lazima utolewe kwanza ndipo isemwe kwamba pana mwanya.

Mwaka 2018 mabingwa wa Ulaya walikubaliana juu ya mwongozo wa vipimo. Eneo dogo kabisa ndani ya stenti lizidi milimita za mraba 5.5 kwa sauti au 4.5 kwa mwanga, katika ateri zisizo shina kuu la kushoto. Au lifikie zaidi ya asilimia 80 ya wastani wa eneo la ateri isiyobanwa iliyo juu na chini yake. Mwanya baina ya uzi na ukuta usiofika milimita 0.4, na usioendelea zaidi ya milimita 1 kwa urefu, waweza kuachwa. Hutazamwa pia kama ncha za stenti zimeuchana ukuta, na kama mafuta ya ateri yamechungulia ndani kupitia matundu ya wavu. Katika mambo hayo yote, upanuzi ndio wenye uzito zaidi. Mianya midogo hujazwa na nyama ya mwili yenyewe kadiri siku zinavyopita, lakini stenti iliyobanwa hubaki imebanwa.

Sababu ya kutumia eneo badala ya kipenyo hueleweka kwa hesabu ndogo. Stenti ya milimita 3 iliyopanuka mpaka milimita 2.4 imepoteza asilimia 20 ya kipenyo chake, jambo ambalo jicho laweza kulipuuza. Lakini eneo limeshuka kutoka milimita za mraba 7.07 hadi 4.52, na hiyo ni hasara ya asilimia 36.

Adui mkubwa wa upanuzi ni chokaa. Pete ya chokaa iliyouzunguka mshipa haiachii hata kwa baluni ngumu, na stenti ikisha kuwekwa ndani ya pete hiyo kuitengeneza ni kazi kubwa. Kwa sababu hiyo madaktari wengi sasa huipitisha kamera kabla ya stenti na pia baada yake. Sauti huiona chokaa kama ukingo mweupe wenye kivuli nyuma, wala haiwezi kueleza unene wake; mwanga hupenya na kuupima.

Ushahidi

Je, wagonjwa wamefaidika? Jaribio moja la China lililotangazwa mwaka 2018 lilikuwa na wagonjwa 1,448. Katika mwaka mmoja, waliofariki kwa moyo, waliopata mshtuko unaohusiana na ateri iliyotibiwa, au waliolazimika kutibiwa tena, walikuwa asilimia 5.4 katika kundi la angiogramu, na asilimia 2.9 katika kundi la sauti. Mwaka 2023 jaribio la Korea ya Kusini lenye wagonjwa 1,639 wenye ateri ngumu kutibika lilionyesha asilimia 12.3 dhidi ya 7.7. Lakini mwaka huo huo jaribio kubwa la kimataifa la picha za mwanga, lenye wagonjwa 2,487, halikupata tofauti ya kutosha katika jumla ya matatizo hayo kwa miaka miwili, ingawa stenti zilikuwa pana zaidi kidogo, na zilizoziba kwa damu kuganda zilikuwa asilimia 0.5 dhidi ya 1.4. Msomaji asishangae. Madaktari wa siku hizi, hata bila kamera, huzipanua stenti vizuri kuliko baba zao wa 1990, hivyo tofauti iliyobaki ni ndogo na huhitaji watu wengi ili ionekane. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 unaagiza kamera za ndani zitumiwe pale ateri inapokuwa ngumu kutibika, hasa katika shina kuu la kushoto, panapogawanyika matawi, na mahali palipobana kwa urefu mkubwa.

Matumizi yake hayalingani duniani. Japani stenti nyingi huwekwa kwa kuongozwa na picha hizo. Kwingineko bado ni chache. Kikwazo ni fedha, kwa kuwa katheta yenyewe hutumiwa mara moja tu na kutupwa. Katika Afrika ya Mashariki, ambako stenti huwekwa leo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam na katika hospitali kadhaa za Nairobi, hesabu hiyo ni nzito zaidi. Hata hivyo ni vema ifanywe kikamilifu. Bei ya katheta yapasa kulinganishwa na bei ya stenti ya pili, ya kitanda, na ya mgonjwa aliyesafiri kutoka Kigoma mara mbili badala ya moja.

Tumalizie kwa zoezi la kidato cha nne. Tuchukue stenti ya kubuni ambayo picha ya ndani imeionyesha kuwa na umbo la yai, kipenyo kirefu milimita 3.1 na kifupi milimita 2.5. Eneo lake ni robo ya pai mara 3.1 mara 2.5, yaani milimita za mraba 6.09. Ateri iliyo juu yake ina eneo la 9.0, na iliyo chini 7.6, wastani ni 8.3, ambao ni sawa na duara lenye kipenyo cha milimita 3.25. Eksirei ikipigwa kuuonyesha upande mpana, mbano unaobaki ni asilimia 5 tu, na kila mtu chumbani atafurahi. Ikipigwa kutoka upande mwembamba, ni asilimia 23. Kipimo cha ndani chasema kwamba stenti imepita kigezo cha 5.5, lakini ni asilimia 73 tu ya ateri yake, chini ya 80 zinazotakiwa. Vigezo viwili vimepingana. Daktari aliyesimama kando ya meza, mgonjwa akiwa macho na katheta ikiwa bado moyoni, ana dakika chache za kuamua kama baluni irudishwe mara nyingine, au kama ukuta wa ateri hiyo hautastahimili zaidi.